Mwalimu Mstaafu Anajibu: Aliyeweka vema kila mahali apewe ngapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Sayansi darasa la sita. Kwenye jaribio la wiki iliyopita niliuliza: "Weka alama ya vema kwa wanyama wote ambao ni mamalia: popo, mamba, nyangumi, kuku, ng'ombe." Kila vema sahihi ni alama 1. Wanafunzi kumi na mmoja waliweka vema kote, wakaondoka na 3 kwa 3. Mwenzangu ananishauri asiyepatia yote matatu apewe sufuri. Nimfuate?
– Mwalimu, Nzega

JIBU: Marahaba, mwalimu. Njia ya mwenzako niliitumia miaka mingi, na ipo karatasi moja ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa nafundisha Kondoa, mbali na bahari. Msichana mmoja aliweka vema kwa popo na kwa ng'ombe. Kwenye nyangumi aliweka, akafuta, akaweka tena, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Nikampa sufuri. Jirani yake aliyechagua kuku na mamba naye nikampa sufuri hiyohiyo. Nilipomwita aliniambia nyangumi wa kitabuni ana mapezi, kwa hiyo ni samaki. Mtoto huyu alishajua kwamba popo anaruka lakini si ndege! Alama yangu haikuonyesha hata chembe ya hilo.

Shida ya swali lako ni kwamba linalipa vema iliyo sahihi, ila vema ya makosa haina gharama. Anayeweka vema kwa kuku amesema kuku ananyonyesha. Hilo ni kosa, likatwe. Sahihi ongeza 1, kosa toa 1, na jumla isishuke chini ya sufuri. Hapo wale kumi na mmoja wanapata 3 toa 2, yaani 1, na hiyo bado ni ya bure. Ongeza kinyonga kwenye orodha. Sasa mamalia ni watatu, wasio mamalia watatu, na aliyejaza vema sita habaki na kitu. Yule msichana wa Kondoa angepata 2, na ndizo alizostahili.

Lakini usifanye tatu kwa tatu kila swali, maana watoto watahesabu badala ya kufikiri. Majibu sahihi yakiwa manne na ya makosa mawili, kila kosa likate 2. Yakiwa mawili kwa manne, kila kosa likate nusu. Aliyeweka vema kote atarudi palepale kwenye sufuri. Na "yote hapo juu" usiiweke kabisa kwenye swali la aina hii.

Sheria ya kukata iandike juu ya karatasi, na wafanyie zoezi moja ubaoni kwanza. Wale kumi na mmoja waachie 3 zao. Walijibu kwa sheria uliyowapa.