Katika insha ya uhakiki, anza na kitenzi

Nimesoma na kuhariri insha nyingi za uhakiki, na mara chache nimemkuta mwandishi aliyepungukiwa na istilahi. Tashbihi, sitiari, takriri, tashihisi: zote zimekaririwa vizuri. Kinachoangusha insha ni kitenzi kimoja kinachobeba kila kitu, yaani "ametumia". Ametumia taswira, ametumia taharuki, ametumia mbinu rejeshi. Msomaji anabaki na orodha ya vifaa vya karakana, bila kujua kilichoundwa.

Chukua sentensi hii niliyoitunga: "Nyumba ilimmeza kabla hajafunga mlango." Ukiandika kwamba mwandishi ametumia tashihisi, yaani amekipa kitu kisicho hai sifa za kiumbe hai, umesema kweli na hujahakiki chochote. Sasa jaribu hivi: "Tashihisi hii inampokonya mhusika uwezo wa kutenda, nyumba ndiyo yenye njaa, naye ni tonge tu." Istilahi ni ileile, ila kitenzi "inampokonya" kimekulazimisha ueleze athari. Ndiyo maana huwashauri watu wachague kitenzi kwanza, jina la tamathali lifuate.

Vitenzi vyenyewe vipo tele. Mwandishi anaposema jambo nusunusu, anadokeza au anaashiria. Anapomchora mtu au jamii, anasawiri. Akirudia neno ili likae, anasisitiza. Akileta swali la balagha, lile lisilosubiri jibu, huenda anahoji, anachokoza au anasuta, na hapo ni lazima uamue ni lipi. Kuna pia kufumbata, kuibua, kukweza, kutweza, kukinzanisha. Kila kimoja ni dai, kwa hiyo kidondolee ushahidi.

Jozi inayochanganywa kuliko zote ni kinaya na kejeli. Kinaya ni pale mambo yanapokwenda kinyume cha yaliyotarajiwa: mlinzi anaibiwa akiwa lindoni. Kejeli ni maneno ya dhihaka, na shabaha yake ni mtu au jambo fulani. Kinaya kinaweza kutokea bila mhusika yeyote kukusudia. Kejeli lazima iwe na msemaji mwenye nia. Vivyo hivyo, usimtwike mwandishi kauli za msimulizi, wala usimchanganye mshairi na nafsineni, yaani sauti inayozungumza ndani ya shairi. Shairi linaloanza kwa "mimi" halijakupa wasifu wa aliyeliandika.

Vitabu navyo havikubaliani. Kutia chumvi, kwa mmoja ni chuku, kwa mwingine mubalagha. Hapa tashihisi, pale uhuishaji. "Dhamira" ndiyo yenye utata zaidi: wengine huiita wazo kuu la kazi, wengine lengo la mtunzi, kisha mawazo yenyewe wakayaita maudhui. Sioni haja ya kugombana. Fuata mapokeo ya wanaokufundisha, eleza unavyolitumia neno mara linapojitokeza kwanza, usilibadilishe katikati.

Ukihakiki hotuba au makala ya kushawishi, tamathali pekee hazitoshi. Mgawanyo wa Aristotle, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, bado unafanya kazi: msemaji hushawishi kwa haiba na uaminifu wake, kwa hisia anazoziamsha, au kwa mantiki ya hoja. Uliza ni njia ipi inayotangulia, na inabadilika wapi. Mara nyingi hisia huingia pale hoja inapoanza kulegea, na hapo ndipo pa kuandika aya yako nzuri.

Viunganishi sina mengi ya kusema. "Aidha" huongeza hoja, "ilhali" huonyesha tofauti, "licha ya" hukubali kisha ikapinga. Ukiona "pia" tatu katika aya moja, hoja zako zimepangwa foleni tu, hazijaungana.

Neno ninalolifuta bila huruma ni "ni wazi kwamba". Lingekuwa wazi, usingeliandikia insha. Weka "yaelekea" au "yamkini" palipo na tafsiri zaidi ya moja, kisha itaje hiyo tafsiri ya pili na useme kwa nini hukuichagua.