Kinga yangu ni dhaifu: nichanjwe au niache?

Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, na natumia prednisoloni na methotreksati, dawa za kuituliza kinga hiyo. Jirani anasema chanjo yoyote itanimaliza. Ni kweli?

Si kweli, dada, na maneno hayo yananiuma, kwa sababu wewe ndiye unayezihitaji chanjo kuliko huyo jirani. Za kuogopa ni zile zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa: surua na rubela, tetekuwanga, homa ya manjano, BCG (ya kifua kikuu), polio ya matone. Anayemeza prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki mbili au zaidi, hapewi hizo mpaka upite angalau mwezi tangu aiache. Lakini sindano za mafua makali, nimonia, homa ya ini B na pepopunda hazina kimelea hai, kwa hiyo haziwezi kukuambukiza. Huenda mwili wako usiitikie kwa nguvu kama wa mwingine; kinga nusu bado ni kinga. Ugonjwa ukiwa umetulia, daktari anaweza kukusimamishia methotreksati wiki mbili baada ya sindano ya mafua ili ifanye kazi vizuri. Usiisimamishe mwenyewe.

Naanza rituksimabu, dawa nyingine ya kupunguza kinga, hivi karibuni. Nichanjwe kabla au baada?

Kabla! Dawa hii hufuta seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo mama wa kingamwili, yaani protini zinazopambana na vimelea. Zikishaondoka, chanjo haina wa kumfundisha. Chanjwa angalau wiki mbili kabla ya dripu ya kwanza, nne zikiwezekana. Ukichelewa, chanjo nyingi husubiri takriban miezi 6 baada ya dozi, isipokuwa ya mafua: msimu wake ukifika, chomwa tu. Na usikubali dripu kabla hujapimwa homa ya ini B. Rituksimabu inaweza kuamsha virusi vilivyolala ndani ya ini, na wapo waliopoteza maisha hivyo.

Mwanangu alizaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili, na hupewa imunoglobulini kila baada ya wiki nne. Ndugu zake wachanjwe?

Wachanjwe, mama, tena wasikose. Dripu ile ni kingamwili za maelfu ya wachangiaji wa plazima. Hupungua mwilini siku hadi siku, ndiyo maana ratiba haisogezwi. Tiba ya namna hii ilielezwa na daktari Ogden Bruton mwaka 1952, alipomtibu mtoto wa kiume mwenye tatizo kama la mwanao. Ndugu wakipata chanjo ya surua hawamwambukizi. Tahadhari ni polio ya matone: virusi vyake hutoka kwenye choo, basi nyumba nzima itumie ya sindano. Aliyechanjwa rota (virusi vya kuhara) akibadilishwa nepi, nawa mikono kwa sabuni kila mara. Kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto, andika kwa kalamu nyekundu: "Nyumbani kuna mgonjwa wa kinga."

Naishi na VVU. Naweza kuchanjwa homa ya manjano?

CD4, yaani chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zikiwa 200 au zaidi na huna dalili, kwa kawaida inawezekana. Nenda na majibu ya karibuni ya maabara.

Nilitolewa bandama baada ya ajali. Kuna la kufanya?

Lipo, na ni la haraka. Unahitaji chanjo dhidi ya bakteria watatu: nyumokokasi (wa nimonia), meningokokasi (wa homa ya uti wa mgongo) na Hib (Haemophilus influenzae aina ya b). Nyingine hurudiwa baada ya miaka kadhaa, hivyo tunza tarehe. Hata ukichanjwa zote, homa kwako ni dharura. Ikipanda usiku usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na useme huna bandama kabla hujaulizwa.