Saa inanikimbiza kwenye Minesweeper

SWALI: Shikamoo anti. Kazini tukipumzika mchana nacheza Minesweeper kwenye kompyuta, ule mchezo wa kufungua vyumba vidogo bila kugusa vyenye bomu, ngazi ya kwanza namaliza fresh ila ya kati nakaa sekunde 300 na kitu, nikiona saa inakimbia mkono unatetemeka nalipuka. Nifanyeje niongeze spidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi huu mchezo naupenda tangu enzi za Windows 3.1, mwaka 1992 huko, so nakuelewa kabisa. Ngazi ya kati ni vyumba 16 kwa 16 na mabomu 40, sa ukihesabu chumba kimoja kimoja huwezi kuwahi. Zoesha macho kwanza: namba kwenye chumba inakuambia mabomu mangapi yanaigusa, sa ukiona 1-2-1 zimejipanga mstari mmoja na upande mmoja tu ndo kuna vyumba vilivyofungwa, usihesabu tena, mabomu yako mbele ya zile 1 mbili na chumba kilicho mbele ya 2 ni salama, fungua.

Alafu ukishaweka bendera zote (alama za pale unapojua pana bomu) za namba fulani, bonyeza hiyo namba kwa vitufe vyote viwili vya mausi kwa pamoja, vilivyobaki kuizunguka vinafunguka mara moja, ila bendera ikiwa imekosewa ndo unalipuka hapohapo.

Na kuna pale vinabaki vyumba viwili kwenye kona na hakuna namba ya kukusaidia, hapo ni kubahatisha tu mwanangu, bonyeza fasta, ukilipuka anza upya. Saa usiiangalie kabisa mpaka umalize.