Figo za mama mwenye kisukari: apime nini?

Dada wa Kadutu, umeuliza kama mama yako mwenye kisukari apimwe vimeng'enya vya kuzuia oksidisho, ili mjue mapema kama figo zinaharibika. Pesa hiyo usiitoe kwanza.

Ni kweli, sukari ikikaa juu, figo hushambuliwa na molekuli kali za oksijeni, na vimeng'enya kama katalasi husaidia kuzizima. Lakini tafiti zinapingana: kwa wagonjwa wengine vimeshuka, kwa wengine vimepanda. Hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kumwongoza daktari, awe Bukavu au Paris.

Chukueni mkojo wake wa kwanza wa asubuhi, mwende laboratwari, muombe uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini (taka ambayo figo huitoa), pamoja na kreatinini ya damu. Uwiano ukifika miligramu 30 kwa gramu, msishtuke bado, maana hata homa au maambukizi ya mkojo huupandisha. Rudieni: vipimo 2 kati ya 3 vikiwa juu, ndani ya miezi 3 hadi 6, hapo ndipo tatizo lipo. Baadaye apimwe kila mwaka, hata akijisikia mzima, kwani figo huharibika bila kuuma. Presha pia ipimwe.

Hizo dawa za maumivu, ibuprofeni, unazosema anameza kila siku kwa ajili ya magoti ndizo zinanitia hofu zaidi, maana nazo huweza kudhuru figo. Mwambieni daktari wiki hii.