"Saraka za usanidi za vifurushi" au "saraka za usanidi wa vifurushi"?

Swali: Ninaandika mwongozo wa seva ya wavuti. Niliandika "saraka za usanidi za kimoduli za vifurushi vya ziada", na mwenzangu akanisahihisha kwamba inafaa kuwa "usanidi wa vifurushi". Ni nani kati yetu aliyepatia?

Jibu: Kisarufi nyote mko sawa, ila hamkusema jambo moja. Kiunganishi cha a-unganifu (za, wa, ya na vingine vya aina hiyo) hufuata ngeli ya nomino inayofafanuliwa. Katika "saraka za usanidi za vifurushi", wenye saraka (yaani folda) ni vifurushi (yaani programu zinazosakinishwa). Katika "saraka za usanidi wa vifurushi", kinachohusu vifurushi ni usanidi (yaani mipangilio), na mwenye saraka hajatajwa.

Kwa hiyo jibu linatoka kwenye seva yenyewe. Katika mifumo ya Linux ya ukoo wa Red Hat, seva ya wavuti ya Apache husoma faili zote zenye tamati ya .conf zilizomo katika /etc/httpd/conf.d (herufi d hapo ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya saraka). Ukisakinisha mod_ssl, yaani kifurushi cha ziada cha miunganisho iliyosimbwa, kifurushi hicho huweka humo faili yake ya ssl.conf pasipo kuigusa httpd.conf, ambayo ndiyo faili kuu, na ukikiondoa, faili kuu hubaki ilivyokuwa. Saraka ni ya seva. Vifurushi ni wapangaji tu. Mwenzako amepatia.

Neno "kimoduli" (yaani la vipande vilivyogawanywa) silipendi hapo, si kwa sababu ya ugeni wake, bali kwa sababu "za" iliyolitangulia inalifunga na saraka, ilhali kilichogawanywa ni usanidi. Tena halihitajiki. Ukiandika "saraka ya faili za usanidi wa vifurushi vya ziada", wingi wa faili umekwisha kueleza kuwa usanidi haukurundikwa mahali pamoja, na viunganishi vinne, yaani ya, za, wa na vya, vinatofautiana kiasi kwamba msomaji hawezi kukosea nini kinafafanua nini. Katika wingi, "saraka za faili za usanidi" hupoteza faida hiyo, kwa kuwa "za" mbili zinafuatana. Ndiyo maana ningebaki na umoja kila inapowezekana.

Katika Debian, ukoo mwingine wa Linux, haiwezekani, maana saraka ni mbili: conf-available, ambamo faili zenyewe hukaa, na conf-enabled, ambamo amri ya a2enconf huweka viungo vya kuelekeza kwenye faili hizo. Zitaje moja moja: "saraka ya usanidi uliopo" na "saraka ya usanidi uliowashwa". Usiandike "saraka ya usanidi iliyowashwa", kwa sababu saraka haiwashwi. Seva huisoma conf-enabled ikiwa na viungo au ikiwa tupu.