Re: Kikande mkubwa ananifukuza nikizamia, nifanyeje?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, kikande, yule samaki wa miambani mwenye meno makali, alikujia mara mbili palepale, ukapanda juu kumkwepa na bado akakufuata. Shida ni huko kupanda. Akiwa na mayai analinda kiota, na eneo lake limekaa kama koni iliyopinduliwa, chini jembamba halafu linapanuka kwenda juu, kwa hiyo ukipanda bado umo ndani mwake, na kupanda haraka kwa hofu kunaweza kuumiza mapafu kuliko meno yake. Toka kwa ubavu, ogelea kina kilekile mpaka aache.

Cha kwanza kuangalia ni mchanga. Ukiona kishimo kimesafishwa na samaki kainamisha kichwa akikipulizia maji, zunguka mbali. Akisimamisha ule mwiba wa mgongoni na kujilaza upande akikutazama, hilo ni onyo, ondoka hapohapo.

Mimi nilichelewa. Nikageuka chali nikaweka mapezi ya miguuni kati yetu huku narudi nyuma taratibu, akang'ata la kushoto mara tatu, mpaka leo lina pengo la nusu duara, na afadhali lile kuliko shavu la mguu. Usimpige wala kumchokoza, na usishike pumzi hata ukishtuka vipi.

Hujasema mwenzako alikuwa wapi. Kubalianeni ishara ya kikande kabla hamjashuka, maana wengi hung'atwa wakiwa bize na kamera. Aking'ata nyama, maliza mzamo kwa utaratibu wa kawaida, osha kidonda vizuri kisha kionwe na daktari.