Kusaka vidokezo Fort Jesus bila kukimbia wala kunakili

SWALI: Nafundisha Masomo ya Jamii, Gredi ya 6, wanafunzi 48. Nataka kuwapeleka Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno mjini Mombasa, wajifunze kwa mchezo wa kusaka vidokezo. Tulipoujaribu shuleni, makundi yote yalirundikana kituo cha kwanza, watoto wakakimbia, na mwishowe majibu yalifanana neno kwa neno. Niupangeje?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, kila tatizo ulilotaja lina chanzo chake. Msongamano hutokea wote wanapoanzia mahali pamoja. Mbio huletwa na zawadi ya anayemaliza kwanza. Kunakili huletwa na swali lenye jibu la neno moja, na hilo ndilo gumu zaidi kurekebisha.

Gawa makundi 12 ya watoto wanne, kila mmoja na kazi yake: msomaji wa kadi, mchunguzi, mchoraji na mwandishi. Kundi la sita au wanane huwaacha wawili watatu bila la kufanya, na hao ndio wanaoanza kupanda mizinga. Wabadilishane kazi kila kituo.

Vituo viwe sita, makundi mawili kila kimoja. Wanaoanzia kituo cha 4 waende cha 5, cha 6, kisha cha 1; wote wazunguke upande mmoja. Dakika 10 za kazi na 3 za kuhama zinakupa dakika 75 kwa mzunguko mzima. Mtu mzima asimame kituoni, asifuatane na kundi, na saa zote zilinganishwe langoni. Ukianza saa tatu asubuhi, jua kali litakukuta umemaliza.

Usibandike wala kuficha karatasi popote. Ngome hiyo ni urithi wa dunia tangu 2011, na gundi huharibu ukuta. Kundi libebe kadi zake ndani ya bahasha.

Sasa maswali. "Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka gani?" halifai: 1593 imo kitabuni na mtoto hahitaji kusafiri. Swali zuri humlazimu kutazama kitu kilicho mbele yake, kisha kutoa sababu. Ukutani: tafuteni jiwe lenye alama za matumbawe, lichoreni, mseme lilitoka wapi. Langoni: maandishi yaliyo juu ni ya lugha gani, na kwa nini wenye ngome waliiandika hiyo? Ukuta unaotazama bahari: meli inayoelekea Bandari ya Kale ingepita wapi, na mizinga ingeifikia ikiwa wapi? Katika maonyesho kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno Santo Antonio de Tanna, iliyozama hapo 1697 ikiwa imeletwa kuwasaidia Wareno waliozingirwa ngomeni na Waomani. Kundi lichague kimoja na kueleza kilimfaa nani melini. Nyumba ya Waomani iwe kituo cha tano: walinganishe mlango na madirisha yake na ya kwao nyumbani.

Kituo cha sita, chenye utajiri mkubwa, ni cha maji. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani mna birika la Wareno la kukusanya mvua, na kisima kirefu kilichochimbwa baadaye, ambacho maji yake ni ya chumvi. Kadi nyeupe iulize: waliozingirwa walipata wapi maji ya kunywa, na ni miezi gani yangepungua? Kadi ya njano iulize: maji ya kisima hiki yangefaa kazi gani? Fanya hivyo kila kituo, kundi moja nyeupe, jingine njano. Jirani hana cha kunakili.

Kila kituo toa alama 1 kwa kilichoonwa na 2 kwa sababu inayotokana nacho, jumla 18. Kasi isipewe alama hata moja.

Nenda mwenyewe wiki moja kabla. Chumba hufungwa kwa ukarabati, kifaa huhamishwa, na kadi iliyoandikwa kwa kumbukumbu ya zamani hulipotezea kundi dakika zake zote kumi. Andaa kadi ya akiba kwa kila kituo. Beba pia penseli 24, vibao 12 vya kuandikia, na maji angalau lita moja kwa kila mtoto.

Kesho yake tumia kipindi kizima, dakika 35, kusoma kadi nyeupe na njano za kila kituo pamoja. Anza na za maji, maana hapo ndipo watoto hubishana zaidi, na uache ubishi uendelee mpaka mmoja wao ataje misimu ya mvua ya pwani.